Vibendera Kwenye Wimbo wa Mama Générose

Kijiwe chetu cha Kawajense kina benchi moja tu, na benchi lenyewe ni banzi la mninga, lile gamba la pembeni linalobaki gogo likishapasuliwa mbao. Linalalia upande mmoja, na kwa desturi yetu anayekaa upande wa chini ndiye mwenye matatizo siku hiyo. Mbele ya benchi Kashinje huweka jiko lake, birika la kahawa yenye tangawizi, na ndoo ya kuoshea vikombe. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya mwaka tisini na tisa, siku ya treni. Spika ya kanisa, iliyo juu ya mnara wa kengele, ilikuwa imetoka kunyamaza. Kawajense nzima ilikuwa imesimama na mifagio mikononi ili kusikiliza kanda ya kwaya iliyorekodiwa kwa kompyuta, jambo ambalo halijawahi kutokea mjini kwetu. Tulisikia viti vikiburutwa. Tulisikia watu wakikohoa, jogoo akiwika, na mtu akiuliza ni nani amekanyaga waya. Kanda ilikwenda hivyo mpaka ikaisha. Wimbo haukuwamo hata mmoja.

Aliyekaa upande wa chini wa benchi alikuwa Sixte. Tunamwita Besi kwa kuwa ndiyo sauti anayoimba kwenye kwaya, na hata akiomba sukari huiomba kwa sauti hiyo. Kanda alikuwa ameirudisha kwenye mfuko wa shati.

Kashinje: Kunywa, Besi. Inapoa.

Besi: Iache ipoe.

Mnada: Mimi nimesikiliza yote. Yule jogoo kaimba vizuri.

Huyu Mnada ni Mzee Nyanda wa Misunkumilo, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Umwambie habari ya mvua, ya ndoa au ya uchaguzi, yeye ataifikisha mnadani.

Injinia: Jogoo alikuwa karibu na maikrofoni kuliko soprano. Hilo ni kosa la mpangilio.

Na Injinia ni Selestine, fundi wa redio na baiskeli. Siku moja aliirudisha redio ya watu pamoja na skrubu zilizobaki, akasema hizo ni za akiba.

Mnada: Sasa Besi, hata ule wa mama yako haumo?

Besi: Mama yumo. Anauliza, "Nianze?" Halafu anasema, "Nimemaliza."

Mnada: Na katikati?

Besi: Katikati hakuna.

Kashinje alipangusa kikombe kilichokuwa kimeshapanguswa.

Hapa inafaa msomaji aelezwe, maana kijiweni sote tulijua. Mama Générose alifika Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, kutoka Burundi akiwa na mtoto mmoja mkononi na mwingine mgongoni. Wa mkononi ni huyu Sixte. Wa mgongoni ni Laurence, ambaye baadaye aliolewa Kigoma. Njia nzima mama aliwaimbia wimbo mmoja mrefu wa kubembeleza, wa kwao kabisa, na Katumba hakuna mwingine aliyeujua. Hakupenda kupigwa picha wala kurekodiwa. Lakini siku kwaya ilipokuwa ikirekodi alikuja kumletea mwanawe chakula, akakuta watu wamechoka wamekaa, akasema kama mashine haina kazi, basi na yeye aimbe. Akaimba mara moja. Kabla kanda haijatoka aliugua, akafariki. Laurence alikuwa amejifungua siku hizo hizo, hakuweza kuja kuzika. Mtoto ni wa kike, amepewa jina la bibi yake, na hulia usiku. Laurence anaukumbuka mwanzo wa wimbo, katikati amesahau. Sixte naye alishika besi tu, na wimbo ule hauna besi. Treni ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa impelekee Laurence kanda.

Kashinje: Bruda anasemaje?

Besi: Nimetoka kwake. Kafungua mashine, katazama, kaniambia kilichokatwa kimekatwa. Kanipa pole. Alikuwa na haraka, anafungasha. Lori la Sumbawanga linamchukua leo mchana, yeye na mashine yake.

Bruda Patrick ndiye aliyekuja na kompyuta ile, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Aliirekodi kwaya, kisha akaitwa Inyonga kutengeneza pampu ya maji, akaiacha kazi mikononi mwa watu wetu. Aliporudi, petroli ya jenereta ilikuwa inaelekea kwisha. Akazihamisha sauti kwenye kanda bila kuzisikiliza.

Injinia: Petroli. Umeitaja mwenyewe. Petroli ya siku hizi inachanganywa. Jenereta ikinywa petroli chafu, umeme unatoka una mafundo. Fundo likifika kwenye wimbo, wimbo unakatika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kashinje: Maji yameingiaje hapo?

Injinia: Kwenye petroli.

Mnada: Si petroli. Mashine ni kama ng'ombe. Imekula nyimbo, bado haijacheua. Ng'ombe hucheua akishapumzika chini ya kivuli. Nyie mmeamka alfajiri mnaibonyezabonyeza, icheue saa ngapi? Haraka haraka haina baraka.

Besi: Inaondoka leo, mzee.

Mnada: Basi itacheulia Sumbawanga.

Kashinje: Mimi nadhani ni lugha.

Tulimgeukia, maana Kashinje huwa anasikiliza tu.

Kashinje: Mashine imetoka Ulaya. Kirundi haikijui. Kitu isichokijua imekitoa. Kikohozi imekiacha kwa sababu kikohozi hakina lugha.

Mnada: Na zile nyimbo za Kiswahili?

Kashinje: Kiswahili chenu cha huku, mzee, kuna siku hata mimi sikielewi.

Injinia: Nyie hamjaenda shule ya mawimbi. Spika iko wapi? Juu ya mnara. Mnara ni nini? Ni antena. Sauti nyepesi hupanda, sauti nzito hubaki. Kiti ni kizito, kimebaki. Wimbo ni mwepesi, umekwenda. Besi, ndugu yangu, huenda dada yako Kigoma ameshausikia tangu jana.

Besi alimgeukia.

Besi: Kausikia kwa kutumia nini?

Injinia: Sufuria. Ile ya aluminiamu. Ukiiinamisha vizuri inanasa.

Mnada: Na mfuniko?

Injinia: Mfuniko unapunguza sauti.

Kutoka upande wa parokia tulianza kusikia nyundo ikigonga misumari, taratibu, kama mtu asiye na wasiwasi. Bruda alikuwa anatengeneza sanduku la kusafirishia mashine.

Ndipo Lyamba akafika kutoka Ilembo na ndoo ndogo ya asali. Lyamba ni mfugaji wa nyuki na katibu wa kwaya. Jina lake la hapa ni Mzinga.

Mzinga: Habari za asubuhi. Nimesikia viti.

Kashinje: Tumesikia wote.

Mzinga: Sielewi. Vibendera niliviweka mwenyewe.

Mnada: Vibendera gani tena?

Mzinga: Mzee wangu, kwenye kioo cha mashine ile kuna mstari unaotoka kushoto kwenda kulia, kama reli. Huo ndio muda. Juu yake sauti unaziona kama vichaka. Wakiimba, kichaka kinanenepa. Wakinyamaza, panakuwa mbuga. Sasa wewe unasikiliza huku unatazama. Ikifika pale unapotaka kupakumbuka, unabonyeza kitufe, kibendera chekundu kinasimama pale pale. Hata ukizima ukaenda kulala, kesho unakikuta.

Mnada: Hata mvua ikinyesha?

Mzinga: Humo hainyeshi.

Injinia: Vimehama hivyo. Jenereta inatikisa meza, meza inatikisa mashine, vibendera vinateleza. Unakiacha kwenye wimbo, asubuhi unakikuta kwenye kikohozi.

Mzinga: Havikuhama. Nilivikagua. Kimoja mwanzo wa wimbo, kimoja mwisho, kila wimbo. Bruda kaniambia, "Lyamba, weka vibendera penye nyimbo," na mimi nikaviweka penye nyimbo.

Besi: Na wa mama?

Mzinga: Wa mama yako niliweka viwili viwili. Viwili mwanzo, viwili mwisho. Nilitaka yeyote atakayefika pale ajue kwamba hapa hapaguswi.

Besi: Pameguswa.

Mzinga akaiweka ndoo ya asali chini.

Mzinga: Aliyekata ni Aloyce.

Na Aloyce huyo tukamwona anakuja kutoka upande wa reli, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Tunamwita Msumeno. Ndiye aliyetupa lile banzi tunalokalia. Bruda alimchagua kwa kazi ya kukata kwa sababu wenzake walikuwa wakikishika kipanya cha kompyuta mkono unatetemeka, na Aloyce, aliyezoea kuufuata mstari wa mkaa kwenye gogo kutoka juu mpaka chini, mkono wake ulitulia. Asubuhi hiyo alikuwa msituni. Spika hakuisikia.

Msumeno: Kashinje, nimiminie. Vipi, kanda imetoka?

Besi: Imetoka.

Msumeno: Kazi ile niliifanya kwa uangalifu sana.

Kashinje: Imeonekana.

Msumeno: Bruda kaniambia, "Aloyce, vibendera viko tayari, wewe kata kwa kuvifuata." Nikavifuata. Hakuna nilichokiruka.

Mzinga: Ulikata wapi?

Msumeno: Penye alama.

Mzinga: Penye alama ndipo pa kuacha.

Msumeno: Nani kakwambia?

Mzinga: Nani kaniambia? Babu yangu kaniambia. Mti wenye mzinga wetu tunaupiga alama ya ukoo kwenye gome. Mtu akiiona anapita mbali. Anajua mti huu una mwenyewe, na ukiukata umekata nyuki, umekata asali, umekata na undugu. Tangu Ilembo mpaka Inyonga alama ni hiyo.

Msumeno: Alama ya kuacha mti sijawahi kuisikia. Bwana misitu anakuja na nyundo yake, anagonga kwenye shina. Uliogongwa ndio wa kuangusha. Usiogongwa, ukiugusa tu, unalala ndani. Sasa mimi nimefika kwenye mashine, nimekuta alama nyekundu. Nikasema, huyu bwana misitu wa kwaya anajua kazi.

Mzinga: Bwana misitu wa kwaya ni mimi.

Msumeno: Basi uligonga mwenyewe.

Mnada: Tulieni. Mnadani, ng'ombe aliyepakwa rangi mgongoni ameshanunuliwa. Haguswi, na anaondoka. Nyote mko sawa.

Mzinga: Mzee, hatuwezi kuwa sawa wote.

Mnada: Mbona ng'ombe hubishani naye?

Besi: Msumeno. Wa mama yangu ulikuwa na alama mbili mbili.

Msumeno: Niliziona. Nikajua huo ni wa kukatwa bila shaka yoyote.

Nyundo ya Bruda ilisikika, ikatulia, ikasikika tena.

Msumeno: Nikaukata taratibu kuliko zote.

Mzinga: Mama wa watu anaimba, kichwani una masikio mawili, na mkono wako haukusita?

Msumeno: Asite nani? Porini ukikutana na mninga ulionyooka hivyo husiti. Ndio uliotoka nyumbani kuutafuta.

Mzinga: Mnaona? Mnaona mtu huyu?

Injinia: Kosa ni la Bruda. Samaki mkunje angali mbichi. Alitakiwa aikunje kanda mapema.

Mnada: Kanda ikikunjwa inaliwa na redio.

Injinia: Ndiyo maana ya methali.

Kuanzia hapo mabishano yalishika njia yake. Mzinga alitaja alama ya babu yake, na ya babu wa babu yake, aliyetundika mizinga kabla mtu yeyote hajaota habari ya reli. Msumeno akasema hao mababu nao walikaa kwenye viti, na viti havikuota porini vikiwa viti. Injinia akatoa shauri kwamba duniani kote, alama nyekundu ni waya ulioungua, hivyo wote wawili hawakutakiwa kugusa mashine. Mnada akasema kwamba chapa ya fahali wake mmoja iliwahi kusomwa na watu wa vijiji viwili kwa namna mbili, na fahali mwenyewe hakuulizwa. Kashinje alimimina, akamimina. Kikombe cha Besi kilikuwa kimejaa vilevile.

Kashinje: Amefika kwenye mfuniko wa sanduku. Sikilizeni. Mlio umebadilika.

Hakuna aliyesikiliza. Walikuwa wamefika kwenye swali la kama nyuki wanaijua alama ya ukoo au wanaukalia mti wowote.

Josefina alitukuta hapo. Josefina hupeleka mchele Kigoma kwa treni, na ndiye aliyekuwa amekubali kuibeba kanda ya Laurence. Alikuwa na furushi kichwani, mkono mmoja umelishika.

Josefina: Shikamoo, mzee Nyanda.

Mnada: Marahaba, mama. Safari njema?

Josefina: Bado kuondoka. Wamama wenzangu wameshapakia. Kaka Sixte, nipe huo mzigo wa Laurence nikimbie.

Besi alitoa kanda mfukoni, akaishika tu.

Besi: Haina kitu, dada. Ina viti.

Josefina: Viti gani?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Mzinga alieleza vibendera, Msumeno nyundo ya bwana misitu, Injinia mafundo ya umeme, na Mnada aliongeza habari ya fahali. Josefina aliwasikiliza akiwa amesimama, furushi limetulia kichwani. Mwanamke anayepigana na makarani wa mizigo kila wiki hawezi kuhangaishwa na wanaume wanne wanaosema kwa wakati mmoja. Walipochoka, akamgeukia Aloyce.

Josefina: Shemeji, mti wenye alama ukishauangusha, unaufanya nini?

Msumeno: Naupasua mbao.

Josefina: Halafu?

Msumeno: Nazitoa porini, nazipanga pembeni.

Josefina: Na kinachobaki?

Msumeno: Matawi na mabanzi. Nayaacha. Au nawapa watu wa kahawa wakalie.

Josefina aliliangalia benchi, kisha akaiangalia kanda iliyokuwa mkononi mwa Sixte.

Josefina: Hiyo ni mbao au mabanzi?

Besi: Mabanzi.

Josefina: Sasa mbao ziko wapi?

Mzinga alitazama ndoo yake. Mnada akavua kofia, akaikagua ndani. Lilikuwa swali dogo, mtoto wa darasa la pili angeliuliza, na asubuhi nzima halikuwa limepita kijiweni kwetu. Tukabaki tunamtazama Msumeno, na yeye akawa anatutazama sisi, kama mtu anayeshangaa wenzake wanashangaa nini.

Msumeno: Zimepangwa.

Besi: Wapi?

Msumeno: Humo humo kwenye mashine. Kila nikikata kipande nakitoa pembeni, mashine inaniuliza jina, naipa. Nikaona vimekaa vizuri, vimefuatana. Nilijua Bruda ndiye atakayevichukua. Mpasuaji hapakii lori.

Mzinga: Bruda kachukua ule mrefu ulioandikwa "Kwaya."

Msumeno: Huo ndio mabanzi.

Besi: Ulivipa majina gani? Bruda hakuona jina la wimbo hata mmoja.

Msumeno: Majina ya nyimbo ningeyajulia wapi? Mimi si wa kwaya. Nikatumia ya miti. Wa kwanza Mkurungu. Uliofuata Mtundu. Ule wa watoto niliuita Msonobari, ni mwepesi.

Besi: Na wa mama?

Msumeno: Mninga.

Sixte alisimama. Mzinga na Msumeno nao wakasimama pamoja naye, na banzi letu, ambalo halijazoea kuachwa na watu watatu kwa mkupuo, likainua mguu upande wa pili na kumweka Injinia chini pamoja na kikombe chake. Wale watatu hawakugeuka. Tuliwaona wakikata kona ya uzio wa parokia, Sixte mbele, mfugaji wa nyuki na mpasua mbao nyuma yake, bado wanabishana.

Mzinga: Kwa nini hukusema tangu mwanzo?

Msumeno: Mliniuliza kwa nini nimekata. Aliyeniuliza nimeweka wapi ni nani?

Josefina alishusha furushi, akakaa palepale upande wa chini.

Mnada: Nilisema itacheua.

Nyundo ilinyamaza. Baada ya muda tulisikia mlio mwingine, wa msumari unaong'olewa kwenye mbao mpya, unaolia kama bata. Ukafuata wa pili. Kisha pakawa kimya kirefu. Huko stesheni treni ikapiga honi ya kwanza. Kashinje akamtazama Josefina, Josefina akatazama mnara wa kengele.

Kashinje: Utaachwa, mama.

Josefina: Hiyo ni ya kuamsha dereva. Naijua.

Jenereta ikaanza kunguruma nyuma ya kanisa.

Injinia: Hiyo petroli haitafika.

Mnada: Nyamaza, Selestine.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina lake.

Spika ilikwaruza. Halafu, bila kikohozi wala kiti, sauti ya mama mtu mzima ikaingia, kama jirani anayeingia ndani bila hodi kwa sababu mtoto analia. Haikuwa sauti kubwa. Iliimba Kirundi, na pale kijiweni waliobaki hakuna aliyekijua, ila ukisikiliza unajua palipo kilima na palipo mteremko, na unajua mtoto yuko mgongoni au ameshushwa chini. Mwanamke aliyekuwa anatwanga ng'ambo ya barabara aliuacha mchi ndani ya kinu. Kashinje alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe, akabaki hivyo, hamimini. Wimbo ulikwenda. Tulipodhani umeisha ulishika njia nyingine na kuendelea, na nadhani hapo ndipo ile katikati ambayo Laurence aliisahau.

Ulikatika ghafla, wima, kama mbao iliyokatwa na mtu mwenye mkono mtulivu.

Kawajense nzima ilikuwa inangoja neno moja tulilolisikia asubuhi, na neno lile halikuwamo humo. Lilikuwa kwenye kanda ya viti.

Mnada: Amemaliza.

Jenereta ikazimwa. Baada ya dakika chache Sixte alirudi, na wale wawili nyuma yake. Mkononi alikuwa na kanda mpya. Alimpa Josefina, kisha akatoa mfukoni ile ya zamani, akampa na hiyo.

Josefina: Hii ya viti ya nini?

Besi: Mwambie aanze na hiyo. Avumilie viti na jogoo mpaka afike pale mama anapouliza, "Nianze?" Hapo aisimamishe, aweke hii nyingine. Wimbo ukiisha, arudi kwenye ile ya kwanza. Mama atamwambia kwamba amemaliza.

Josefina alizitazama kanda zote mbili, moja kila kiganja.

Josefina: Pale pa kusimamisha atapajuaje? Kanda yenyewe ni ndefu.

Mzinga: Mwambie aweke alama.

Msumeno: Ndiyo. Kwenye kasha, kwa kalamu nyekundu.

Josefina akazifunga kanda kwenye pindo la kanga, akainua furushi, akalituliza kichwani.

Josefina: Sawa. Nimwambie alama hiyo maana yake nini?

Mzinga alimtazama Msumeno. Msumeno alimtazama Mzinga. Injinia akaanza kukusanya vipande vya kikombe. Treni ikapiga honi ya pili, na Josefina, ambaye hiyo nayo aliijua, akaondoka kwa mwendo wa haraka kuelekea stesheni bila kungoja jibu.

Besi akakaa, safari hii katikati ya benchi. Kashinje aliinamisha birika, likatoa tone moja, akalifunika.

Kashinje: Ya moto imekwisha, Besi.

Besi akachukua kikombe chake cha tangu asubuhi, akakinywa chote, baridi hivyo hivyo.